Hifadhi ya taifa, pori la akiba au ardhi ya vijiji: wapi uweke tamthilia yako ya uhalifu wa porini

Kabla hujaamua nani ameua, amua maiti imelala kwenye ardhi ya nani. Mwandishi wa tamthilia aliyepo Dodoma ana mapori ya kila namna ya kuchagua. Kusini, ukivuka Mtera na kupita Iringa, kuna Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Magharibi, ukishafika Manyoni, kuna mapori ya akiba ya Muhesi, Kizigo na Rungwa, yaliyopakana kama vyumba vya nyumba moja. Kaskazini, upande wa Chemba na Kondoa, kuna Swagaswaga na Mkungunero. Na pembezoni mwa Ruaha, kwenye tarafa za Idodi na Pawaga, vijiji vimetenga ardhi yao kuwa jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori inayoitwa MBOMIPA.

Kwa mtazamaji zote hizo ni porini tu. Kwa sheria ni ardhi za aina tatu, na kila aina ina mlinzi wake, bosi wake, watu wanaoruhusiwa kulala humo na pesa inayogombaniwa. Ukikosea hapo, kipindi cha pili kitakuwa kimejaa watu wasio na mamlaka ya kufanya unachowafanyisha, na watazamaji wa Manyoni na Iringa watakukamata kabla ya mpelelezi wako kumkamata muuaji.

Hukumu yetu tunaitoa mapema. Kwa vipindi 6 hadi 8 na bajeti ya kawaida ya Kitanzania, hadithi iweke kwenye pori la akiba, kamera isimamishe kwenye ardhi ya kijiji, na hifadhi ya taifa iende siku chache tu kwa ajili ya picha ambazo huwezi kuzipata kwingine. Sababu zinafuata, na si zote zina uzito sawa.

Mfumo wa Marekani usiubebe mzimamzima

Wengi wanaotaka kuandika aina hii wameichukua hamu kwenye tamthilia za Marekani. Untamed ya Netflix, vipindi 6 vya mwaka 2025, ina mpelelezi wa shirika la hifadhi mwenyewe anayefuatilia kifo ndani ya Yosemite, California. Huko jambo hilo lipo kweli: shirika la hifadhi za taifa la Marekani lina kitengo chake cha upelelezi, na maofisa wake hupeleleza hata vifo vya watu ndani ya mipaka ya hifadhi.

Hapa kwetu, askari wa uhifadhi ana bunduki, ana cheo na anaweza kukamata na kupekua. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yumo ndani ya Jeshi la Uhifadhi wa Wanyamapori na Misitu, ambalo watu hulitaja zaidi kwa jina la Jeshi Usu. Lakini mtu akiuawa, upelelezi ni wa Polisi. Anayeshika jalada ni mpelelezi aliye chini ya mkuu wa upelelezi wa wilaya, ambaye kila mtu humwita OC-CID, na juu yake yupo mkuu wa upelelezi wa mkoa, RCO.

Usilione hilo kama kikwazo. Una wahusika wakuu wawili kwa bei ya mmoja: askari anayelijua pori lakini hana jalada, na mpelelezi mwenye jalada asiyejua hata mto unavukiwa wapi. Gari ni la askari, dizeli inatoka kwa mhasibu wa hifadhi, amri ni ya polisi. Ugomvi wa nani amefuta nyayo kwa buti zake unaweza kubeba nusu ya kipindi.

Jambo la pili la kujifunza kwa Untamed ni la kamera. Hadithi iko Yosemite, ila picha zimepigwa British Columbia, Kanada. Mahali pa hadithi na mahali pa kamera si lazima pawe pamoja. Tutalirudia hilo.

Maiti ile ile, ardhi tatu

Chukua tukio moja: saa 10 jioni, mwanaume wa makamo anakutwa amekufa, jeraha la risasi begani, katambuga moja mguuni na nyingine haipo. Sasa mhamishe.

Akiwa ndani ya Ruaha, kila mtu aliyemo humo ana karatasi. Mgeni ameandikwa getini, gari limeandikwa namba, kambi ina orodha ya wageni na wafanyakazi. Usiku magari hayatembei bila kibali maalumu. Maana yake orodha ya washukiwa ni fupi na imeandikwa tayari, na hadithi yako inakuwa ya chumba kilichofungwa, ila chumba chenyewe kina karibu kilomita za mraba 20,000, zaidi ya mara 6 ya Yosemite. Swali linakuwa moja: nani hayumo kwenye kitabu cha getini? Maiti itapelekwa Iringa, kwa kuwa makao makuu ya hifadhi, Msembe, yapo upande huo, mwendo wa kilomita 130 hivi kutoka mjini. Bosi wa eneo ni Mkuu wa Hifadhi, mtu wa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na wasiwasi wake wa kwanza ni watalii waliolala kambini kilomita chache kutoka pale.

Hapa ndipo penye nyayo nzuri kuliko popote, na inafaa uzijue kwa karibu. Mto Mwagusi wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu, na tembo huchimba mashimo humo kutafuta maji ya chini. Nyayo iliyokanyagwa alfajiri kwenye mchanga wenye unyevu ina kingo kali. Ikifika saa 6 mchana kingo zimebomoka kwa jua na upepo, na anayejua kusoma atakuambia ni ya asubuhi au ya jana. Tembo akipita juu ya alama ya tairi, una mpangilio wa matukio: gari kwanza, tembo baadaye. Na katambuga ni zawadi kwa mpelelezi, kwa sababu hukatwa kwa mkono kutoka tairi kuukuu. Viatu viwili vya jozi moja mara nyingi havina kashata zinazolingana, na fundi mwingine hatatoa jozi kama hiyo. Mtazamaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa hilo. Akiona picha ya karibu ya unyayo wenye michirizi ya tairi atawahi kusema mwenyewe.

Mhamishie marehemu Muhesi au Kizigo, na mambo yanavurugika kwa namna inayomfaa mwandishi. Pori la akiba lipo chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori iliyoanzishwa mwaka 2014. Hakuna msururu wa magari ya watalii. Kuingia bila kibali cha maandishi ni kosa, lakini watu wanaingia: wafugaji wanaofuata malisho, wachoma mkaa, warina asali. Yupo pia mwindaji wa kitalii mwenye leseni, amekuja na kampuni iliyopangishiwa kitalu cha uwindaji, na pembeni yake yupo ofisa wa wanyamapori anayetakiwa kuwepo wakati wa uwindaji. Juu ya hao wote kuna Kikosi Dhidi ya Ujangili, KDU, ambacho kambi yake ya Kanda ya Kati ipo Manyoni. Kwa hiyo una makundi ya watu wenye silaha yasiyoripoti kwa bosi mmoja, na raia wasio na haki ya kuwepo ambao hawatakuja kutoa ushahidi kwa kuwa wakikiri walikuwepo wamejishtaki wenyewe. Shahidi aliyeona kila kitu na hawezi kusema alikuwa wapi: hiyo ndiyo injini ya tamthilia nzima, na hifadhi ya taifa haikupi kwa wingi huo.

Maiti ya huku, ikitegemea upande gani wa pori, inaweza kuishia hospitali ya Manyoni au ya Mtakatifu Gaspar, Itigi. Saa zinahesabika. Kwa joto la Oktoba, na fisi wakiwa karibu, mwili uliolala usiku mmoja hauwezi kumpa daktari kila alichokihitaji.

Mhamishe mara ya tatu, mpeleke shamba la mpunga Pawaga. Hapa ardhi ni ya kijiji. Walinzi ni askari wanyamapori wa vijiji, vijana wa pale pale ambao shemeji yao anaweza kuwa ndiye mtuhumiwa. Wa kwanza kuitwa si polisi wala TANAPA, ni mwenyekiti wa kitongoji, kisha mtendaji wa kijiji, na wakifika polisi tayari watu 60 wamekwishakanyaga eneo la tukio. Nyayo zisahau. Ulichopata badala yake ni ushahidi wa maneno, mwingi kupita kiasi.

Na huku kuna sababu ya kuhamisha maiti ambayo haipo kwingine. Serikali hulipa kifuta machozi familia ya mtu aliyeuawa na mnyama hatari, na kifuta jasho kwa mazao yaliyoliwa, kwa kanuni za mwaka 2011. Aliyefia ndani ya eneo lililohifadhiwa akiwa ameingia kinyume cha sheria, familia yake haina cha kudai. Basi ndugu wanaoburuza mwili kutoka porini hadi shambani, na kukanyaga mpunga kuzunguka ili ionekane tembo alipita, hawajaua mtu. Wanaficha umaskini. Mpelelezi wako atapoteza vipindi viwili akiwakimbiza hao huku muuaji ametulia. Daktari ndiye atakayemgeuza: tembo huponda mbavu na kuacha tundu la pembe, panga huacha kingo zilizonyooka, na jeraha la risasi lina tundu la kuingilia hata kama fisi ameanza kazi.

Bunduki inasema umechagua ardhi gani

Ndani ya Ruaha mlio wa risasi ni kengele ya hatari. Askari wa posti iliyo karibu atanyanyua redio ya upepo na kuuliza. Kwenye pori la akiba, msimu wa uwindaji wa kitalii ukishafunguliwa tarehe 1 Julai, mlio wa risasi ni sauti ya kazi. Mtu anaweza kuuawa mchana kweupe na askari aliyesikia akaendelea na chai yake. Kama unataka muuaji mwenye akili anayechagua siku, weka mauaji Julai hadi Septemba kwenye kitalu.

Silaha zenyewe zinatofautiana, na kosa la kawaida ni kuwapa wote bunduki za aina moja. Askari wa doria hubeba ile ambayo polisi wetu huiandika kwenye taarifa kama "SMG", yaani bunduki ya aina ya AK-47. Mwindaji wa kitalii ana raifo ya risasi nzito, .375 au .458. Jangili wa kijijini ana gobore la kienyeji, linaloshindiliwa baruti mdomoni na kurusha gololi au vipande vya nondo. Hilo la mwisho ni tatizo tamu la upelelezi: mtutu wa gobore ni bomba lisilo na michirizi ndani, kwa hiyo kipande cha nondo kilichotolewa mwilini hakiwezi kuunganishwa na bunduki fulani, na halitupi ganda la risasi. SMG inatupa ganda, na ganda lina alama ya pini. Mwandishi anayetaka maabara itatue kesi atumie SMG, halafu abebe matokeo yake, kwamba anayetuhumiwa ni mtu wa serikali. Anayetaka kesi itatuliwe kwa kuhoji watu atumie gobore.

Sababu za kuua nazo zinafuata ardhi. Kwenye kitalu pesa iko kwenye nyara, na kanuni zinamtaka simba anayewindwa awe ametimiza miaka 6. Umri hukaguliwa baada ya simba kuwa amekufa, kwa meno na fuvu, kwa hiyo aliyemwongoza mteja kumpiga simba wa miaka 4 ana fuvu la kuficha na ofisa wa kunyamazisha. Ruaha sababu yenye uzito zaidi ni maji: tangu mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya maji yanayochukuliwa juu yake, bonde la Usangu, kwa ajili ya mpunga. Mhandisi aliyekuwa akipima mfereji anaweza kuwa na maadui wengi kuliko jangili yeyote.

Ujangili wa pembe unaunganisha Ruaha na Rungwa kwa pamoja, na historia yake ina takwimu ambazo ni hadithi tayari. Sensa ya mwaka 2013 kwenye mfumo huo wa ikolojia ilitoa tembo wapatao 20,000. Ya mwaka 2014 ilishuka hadi zaidi kidogo ya 8,000. Iliporudiwa mwaka 2015 ikapanda kukaribia 16,000. Mtu aliyekuwa ndani ya ndege ya kuhesabu, anayejua kilichotokea kwenye karatasi zake, ni marehemu mzuri wa kipindi cha kwanza. Kama utagusa Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013, iguse kwa pande zote mbili: ilikamata majangili, na ilisimamishwa kwa malalamiko ya mateso, hadi mawaziri 4 wakaondoka Desemba mwaka huo. Askari wa makamo leo alikuwa kijana wakati ule. Hilo linatosha kumpa kivuli bila kumwandikia utoto wa mateso.

Kuna pia tumbusi. Wakizunguka angani wanaonyesha mzoga ulipo, ndiyo maana jangili anayejua kazi huweka sumu kwenye mzoga ili wafe na siku zijazo asionekane. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe naye huweka sumu akimlenga simba, na tumbusi wanakufa vilevile. Mizoga ya tumbusi 30 chini ya mti mmoja ina maelezo mawili, na mpelelezi wa mjini atachagua lisilo sahihi.

Sheria inavyouma kipindi cha nne

Hapa waandishi wengi hupoteza nafasi, kwa sababu wanamaliza hadithi pale pingu zinapofungwa. Sheria ya mwenendo wa jinai inampa mpelelezi muda wa saa 4 wa kumhoji mtuhumiwa tangu alipowekwa chini ya ulinzi, isipokuwa muda umeongezwa kwa utaratibu. Muda wa kumsafirisha kwenda kituoni hauhesabiwi. Maelezo ya onyo, yaani yale ambayo mtuhumiwa huyatoa polisi, yakiandikwa baada ya hapo bila nyongeza, wakili atayaombea yatupwe na mara nyingi atafanikiwa. Kwa Ruaha au Muhesi swali linakuwa hivi: gari lililokwama usiku mzima kwenye udongo mweusi lilikuwa safarini, au wale askari walikuwa wakimhoji kando ya moto? Onyesho zima la kuandika lipo hapo.

Upekuzi nao unatofautiana. Mali ikikamatwa, hati ya ukamataji isainiwe na mtuhumiwa na mashahidi, na mahakama hupenda shahidi asiye askari. Katikati ya Kizigo shahidi huyo umtoe wapi? Pawaga mtendaji wa kijiji yupo umbali wa bodaboda moja. Kesi ya porini ni dhaifu kwa asili, ya kijijini ni imara kwenye karatasi na dhaifu kwenye midomo ya watu.

Nyamapori ina mtego wake. Kipande cha nyama ya swala hakiwezi kusubiri kesi, kinaoza. Lazima hakimu atoe amri ya kukiteketeza, na mtuhumiwa awepo mbele ya hakimu na asikilizwe. Mahakama ya Rufani imewahi kukikataa kielelezo kwa sababu hilo halikufanyika. Adhabu ya kupatikana na nyara za Serikali inaweza kufika miaka 20 hadi 30, kwa hiyo uzembe wa asubuhi moja una uzito.

Na mtu anayeshtakiwa kwa mauaji hasimami kizimbani akapiga kelele kwamba hana hatia. Akifikishwa kwa hakimu, hatakiwi kujibu chochote, kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji. Hakuna dhamana. Anarudishwa mahabusu hadi shauri lihamishiwe Mahakama Kuu. Ukimya huo kwenye skrini una nguvu kuliko hotuba, kwa hiyo usiuharibu.

Wanavyoongea

Wasikilize kabla ya kuandika. Ndani ya jeshi lolote kati ya hayo ni "afande". Wanakijiji wazee bado humwita mtu wa wanyamapori "bwana nyama", na hawatofautishi TANAPA, TAWA na KDU hadi wawe na sababu. Mfano wa mpelelezi anayefika Ugogo:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nyie ndio mabwana nyama mliopita juzi mkachukua baiskeli ya mwanangu?"

"Hapana mzee. Sisi ni polisi, tumetoka Manyoni."

"Aa. Basi kaeni kivulini."

Mistari minne, na tayari umejua kuna baiskeli, kuna kinyongo, na nani atapewa habari na nani hatapewa. Mpelelezi akianza na "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, mlango utafunguka zaidi, mradi mwigizaji ajue kuitamka.

Kamera isimame wapi

Hifadhi ya taifa ni ghali kwa namna moja rahisi kuelewa: unalipia kila kichwa, kila gari, kila saa 24, juu yake kuna ada ya kupiga picha na askari wa kuwasindikiza. Kwa hiyo kinachopandisha gharama ni idadi ya watu. Ruaha nenda na watu wasiozidi 12, bila jenereta na bila mazungumzo marefu. Piga mto, mibuyu, tembo, gari likipita mbali, mgongo wa mhusika mkuu. Siku 3 zinatosha kulisha vipindi 6, kama skripti imeandikwa ukijua hivyo.

Kitalu kina mpangaji. Hata ukipata kibali cha TAWA, ongea na kampuni iliyo humo, na usiende msimu wa uwindaji. Tatizo jingine la mapori hayo ni ndorobo, yaani mbung'o. Wanavutwa na rangi nyeusi na bluu iliyoiva, na mafundi wa kamera dunia nzima huvaa nyeusi. Wavishe kaki au kijivu hafifu. Vitambaa vyeusi vya kuzuia mwanga vifunguliwe dakika ya mwisho. Nguo za mabakabaka usimvishe mtu yeyote: kwa raia ni kosa, na kambi ya KDU haipo mbali.

Ardhi ya kijiji ndiyo nafuu. Mtera ina magogo yaliyokufa majini, na ina viboko na mamba, kwa hiyo muulize mvuvi kabla ya kumsimamisha mwigizaji ukingoni. Kilimatinde ina mteremko wa Bonde la Ufa na upeo wa Bahi chini yake. Vilima vya mawe vya Chamwino na vichaka vya Itigi, vilivyosongamana kiasi kwamba mtu aliye umbali wa mita 10 haonekani, vinatosha kuwa pori lolote utakalolipa jina la kubuni. Na libuni kweli: mkuu wa hifadhi mla rushwa kwenye hifadhi yenye jina halisi ni matatizo ya bure.

Mwanga wa nyuzi 6 hadi 7 kusini mwa ikweta hauna subira. Una kama dakika 40 nzuri asubuhi na 40 jioni, na jua likizama giza linafika ndani ya nusu saa. Mchana kofia ya askari inameza macho yote. Mazungumzo yaweke chini ya mti kuanzia saa 5 hadi saa 9, na uwe na kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga usoni. Julai na Agosti upepo wa Dodoma utakuharibia sauti, kwa hiyo maikrofoni ivae manyoya na jenereta ikae mita 50 au zaidi, nyuma ya gari.

Mti utakaokuumbua ni mbuyu. Kuanzia Juni hadi Oktoba hauna majani. Mvua zikikaribia unavaa, na hadi Januari ni mti mwingine kabisa. Ukipiga tukio la kuokota maiti Oktoba na kurudi kulimalizia Desemba, mtazamaji ataona siku moja ina misimu miwili. Ama maliza kila kitu kati ya Juni na katikati ya Oktoba, ama andika mvua ndani ya hadithi na uitumie: nyayo zimefutika, mto umejaa, gari la polisi lipo upande usio wake.

Damu ya bandia usitengeneze kwa sukari. Kiangazi nyuki wanatafuta chochote kitamu na chenye maji, na mwigizaji anayecheza maiti hawezi kukimbia. Tumia gliserini na rangi ya chakula.

Vibali vianze miezi mitatu kabla. Skripti nzima iende Bodi ya Filamu, kwa kuwa bila kibali chao ofisi nyingine hazitakusikiliza. Kisha TANAPA au TAWA kwa maeneo yao, halmashauri na serikali ya kijiji kwa ardhi ya vijiji. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na cha ulinzi, halafu tena ruhusa ya mwenye hifadhi. Sare za Polisi na za Jeshi Usu ziombewe kwa barua, na kama barua haijajibiwa shona sare ya kubuni yenye nembo isiyofanana na ya mtu. Bunduki ziwe za mbao au plastiki, OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, awe na orodha yake, na mwenyekiti wa kijiji atangaze siku moja kabla kwamba kesho watu watakimbizana na bunduki karibu na kisima. Asiposema, mgambo watakuja, na wao silaha zao si za mbao.